Rehema ya Mungu, na kwa nini haifuti hukumu

Mvua ya masika ikikatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele, kuanzia Ganze hadi Marafa hakosi mtu wa kusema, "Hii ni hukumu, Mungu amechoka na sisi." Ukienda matangani maneno yanageuka: hata marehemu aliyewatesa wenziwe maisha yake yote anaombewa kwa "Mungu ni mwingi wa rehema," na watu wanaitikia amina. Huku Malindi hukumu na rehema zinahubiriwa kwa zamu namna hiyo, kana kwamba ni miungu wawili wanaopokezana. Ukristo haufundishi hivyo.

Tuanze na uasi, maana bila huo mengine mawili hayana kazi. Uasi si orodha ya makosa. Katika Mwanzo 3 kula tunda ni jambo dogo. Kubwa ni ahadi ya nyoka kwamba wakilila watakuwa kama Mungu, wakijua mema na mabaya: uasi ni kuitaka nafasi hiyo ya Mungu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa hagusi mnazi wala mali ya mwenziwe, na bado akawa muasi. Yule kaka mkubwa wa Luka 15, katika mfano wa mwana mpotevu, hakutapanya kitu, lakini mdogo wake aliporudi aligoma kuingia nyumbani, hata baba akatoka nje kumsihi. Wahubiri wengi humpita haraka. Mdogo mtu na nguruwe wake wana utamu zaidi.

Hukumu ni Mungu kuuita uasi kwa jina lake na kuutolea uamuzi, sasa na siku ya mwisho. Ila si kila msiba ni hukumu. Katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, kisha anawageukia wanaomsikiliza: tubuni ninyi. Papo hapo anatoa mfano wa mtini usiozaa. Sisi tungesema mkorosho: mwenye shamba anataka ukatwe, mfanyakazi anaomba mwaka mmoja zaidi aupalilie na kuutilia samadi. Kuahirishwa huko ni rehema, lakini shoka halijatupwa.

Kipimo cha siku ya mwisho nacho kimeandikwa wazi katika Mathayo 25: nilikuwa na njaa, mkanipa chakula. Anayeishi Malindi hawezi kusoma mstari huo leo bila kukumbuka Shakahola. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na manusura walieleza kwamba waliambiwa wafunge chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Waliotishwa kwa hukumu walinyimwa kitu kilekile ambacho Hakimu atakiulizia. Sijui upotoshaji mkubwa kuliko huo.

Sasa rehema. Mahali ninapopenda kuielezea ni Hesabu 14, ingawa wengi hukimbilia Zaburi 51. Waisraeli wamefika mpakani mwa Kanaani. Wapelelezi kumi wamewatia hofu, watu wamelia usiku kucha, wanataka kiongozi mpya wa kuwarudisha Misri, na wameshasema wawapige mawe wanaowapinga. Musa anawaombea. Mungu anajibu kwamba amesamehe. Halafu, katika jibu lilelile, anasema watu wazima waliomwasi hawataiona nchi ile: miaka 40 jangwani, mwaka mmoja kwa kila siku ya upelelezi. Kesho yake wanaamka na majuto, wanapanda mlimani kupigana bila kutumwa, sanduku la agano limebaki kambini, wanatwangwa mpaka Horma.

Je, walisamehewa au hawakusamehewa? Walisamehewa. Taifa halikufutwa, agano halikuvunjwa, watoto wao waliingia. Na mana haikukoma kwa miaka yote 40: waliokuwa wakitumikia adhabu walilishwa na aliyewaadhibu. Rehema ya Biblia ndiyo hiyo. Haisemi hukukosa, inakushika wakati matokeo ya kosa lako yanaendelea.

Kwa Wakristo mambo haya mawili yanakutana msalabani, ambapo hukumu inabebwa na Mungu mwenyewe kwa ajili ya waasi. Makanisa yanatofautiana katika namna ya kuipokea rehema hiyo. Wakatoliki wana kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, pamoja na malipizi anayoyatoa, na tangu 2000 Jumapili inayofuata Pasaka imekuwa ya Huruma ya Mungu. Wapentekoste watakuita mbele uokoke leo. Paulo, katika Warumi 11:32, anawaweka wote kapu moja: Mungu amewafunga wote katika kuasi ili awarehemu wote.

Huku pwani kesi za ardhi haziishi, basi tuchukue mfano wa ardhi. Mtu ameuza kiwanja kimoja kwa wanunuzi wawili, Jumapili akatubu kwa machozi, kanisa zima likapiga vigelegele. Jumatatu yule mnunuzi wa pili bado anadai kiwanja chake, na ana haki. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, alilijua hilo kabla Yesu hajatoka nyumbani kwake: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu, amrudishie mara nne.