Siku moja Brugge: ukishuka kwenye treni, fuata maji

Majira ya joto yakikaribia, simu huanza kuita. Mara ni dada anayeishi Liège, amepata wageni kutoka Bukavu. Mara ni kijana wa Nairobi aliyekuja Brussels kwa mkutano na amebakiwa na Jumamosi moja. Wote wanataka kupelekwa Brugge, ule mji wa mifereji, na kurudi jioni. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaozungumza Kiswahili katika miji ya Flandria, eneo la Ubelgiji linalozungumza Kiholanzi, na Brugge ndio mji ninaoupenda kuliko yote. Basi nieleze ninavyoipanga siku hiyo, na sababu zake.

Safari nyingi za siku moja humpeleka mgeni moja kwa moja hadi Markt, uwanja wa soko. Anapiga picha mnara wa kengele, ananunua chokoleti, anapanda mashua nusu saa, anageuza. Ameona mji mzuri, lakini hajui kwa nini mji tajiri namna hii ulijengwa kama kilomita 15 kutoka baharini, wala kwa nini haukubomolewa na kujengwa upya kama miji mingine ya Ulaya. Maswali yote mawili yanajibiwa na maji. Brugge ilikuwa bandari. Mtu aliyekulia Lamu, Kilwa au Bagamoyo, anayejua maana ya maji kujaa na kupwa, atauelewa mji huu upesi kuliko watalii wengi, mradi atembezwe kwa mpangilio unaofuata maji yenyewe.

Tuanze na treni. Reli ya Ubelgiji ni kongwe: njia ya Brussels hadi Mechelen ilifunguliwa Mei 1835, ya kwanza ya treni za mvuke za abiria katika Ulaya bara, na kufikia 1838 treni ilikuwa imeshafika Brugge. Leo kutoka Brussels ni mwendo wa saa moja hivi kupitia Gent, na treni ni nyingi kutwa nzima. Hakuna kuwekewa kiti. Tiketi inakuruhusu kusafiri. Kiti anakaa aliyewahi. Hapo ndipo vikundi huharibikiwa, hasa Jumamosi yenye jua, maana treni hizo hizo ndizo zinazobeba watu wa Brussels kwenda ufukweni. Wengi hupandia kituo cha Midi. Mimi hukutana na watu wangu kituo cha Central, ambacho treni hukipitia kabla ya Midi, na tunakuwa tumekaa pamoja kabla msongamano haujaanza. Kwa walioko Liège na Leuven, treni inayotoka Eupen kwenda Oostende inapita kwenu na kufika Brugge bila kubadilisha.

Nunueni tiketi kabla ya kupanda, kwenye mashine au kwa simu, kwa sababu ukinunua kwa kondakta ndani ya treni unalipa zaidi. Chungueni pia namba iliyoandikwa kwenye behewa, kwa kuwa mabehewa yenye 1 ni ya daraja la kwanza. Na mkishatoka Brussels matangazo huwa ya Kiholanzi peke yake. Ndugu zetu kutoka Kongo wanaotegemea Kifaransa wasisubiri kusikia "Bruges". Watege sikio kwa Brugge.

Ninapenda kufika saa nne asubuhi au kabla yake. Mabasi ya watalii na wale wanaoshuka kwenye meli kubwa pale Zeebrugge bado hawajajaa mjini.

Kituo cha treni kiko kusini mwa mji wa kale, na kutembea hadi Markt huchukua kama dakika 20 hadi 25. Kuna basi, lakini kama magoti yanaruhusu, tembeeni. Njia inapita bustanini kando ya Minnewater, bwawa tulivu lenye bata maji weupe, ambalo zamani lilisaidia kudhibiti kiwango cha maji ya mifereji. Hapo ndipo ninapoanza kusimulia. Mto Reie, mto mdogo kabisa, ndio uliopita hapa. Usingetosha kuujenga mji wa dunia. Lakini mwaka 1134 dhoruba kali ilipasua pwani na bahari ikachimba mkono mrefu kuingia nchi kavu, mkono ulioitwa Zwin. Watu wa Brugge wakachimba mfereji kuufuata, na pale mfereji ulipokutana na maji ya bahari wakaanzisha mji mdogo wa Damme uwe bandari yao ya nje. Jahazi kubwa likatia nanga huko, shehena ikahamishiwa mashua ndogo, na mashua zikaingia hadi katikati ya mji.

Hatua chache kutoka Minnewater mnavuka daraja na kuingia Begijnhof, ulioanzishwa karibu mwaka 1245. Ni ua mpana wenye nyumba zilizopakwa chokaa nyeupe kuzunguka miti mirefu. Waliishi humo wanawake waliomtumikia Mungu bila kuweka nadhiri za maisha: walifanya kazi, walimiliki mali zao, na aliyetaka kuolewa aliruhusiwa kuondoka. Akina mama ninaowaleta huuliza maswali mengi hapa kuliko mahali pengine, na huwa siwaharakishi. Tangu 1927 wanaishi masista wa shirika la Mtakatifu Benedikto, kwa hiyo tunapita kwa sauti ya chini.

Mbele kuna hospitali ya kale ya Mtakatifu Yohana, Sint-Janshospitaal, iliyoanza karne ya 12 ikipokea wagonjwa, wasafiri na mahujaji. Sasa ni jumba la makumbusho lenye michoro ya Hans Memling. Mkabala wake ni kanisa la Bikira Maria, ambalo mnara wake wa matofali unapanda hadi mita 115 hivi. Ndani kuna sanamu ya marumaru ya Bikira Maria na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo, ikanunuliwa na familia ya wafanyabiashara wa Brugge. Imeibwa mara mbili, na majeshi ya Ufaransa mwaka 1794 na Wajerumani mwaka 1944, na mara zote mbili ikarudi. Kama mna muda wa kulipia mahali pamoja tu, ningechagua hapa. Sanamu ya Mwitaliano ilifikaje katika mji wa kaskazini wenye mvua? Ilifuata njia ya biashara: watu wa Brugge walinunua na kuuza Italia, na kazi ya sanaa ikasafiri kama bidhaa nyingine.

Nyuma ya kanisa kuna kidaraja cha mawe, Bonifaciusbrug, ambacho kila mtu anakipiga picha akidhani ni cha zama za kale. Kilijengwa karibu mwaka 1910. Mwongozaji anayekwambia ni cha miaka 600 hajui kazi yake. Sehemu kubwa ya sura ya "kale" ya Brugge ilirekebishwa, au ilijengwa upya kwa mtindo wa kale, katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na mgeni ana haki ya kuambiwa hivyo. Mji haupungui uzuri kwa kusemwa ukweli wake.

Mashua tunapanda karibu na hapo, kwenye maji ya Dijver au Rozenhoedkaai. Gati ziko tano, mzunguko ni ule ule na bei ni ile ile, kwa hiyo msipoteze muda kulinganisha. Angalieni foleni iliyo fupi. Hazifanyi kazi majira ya baridi, huanza Machi na kuishia katikati ya Novemba. Mkiwa majini, tazameni juu kidogo, mtaona kuta za maghala na milango inayofunguka moja kwa moja kwenye maji. Pale ndipo mzigo ulipopandishwa.

Ndipo tunafika Markt, tukiwa na jicho jingine. Upande wa mashariki wa uwanja huo, palipo na jengo kubwa la mkoa, palikuwa na Waterhalle, jumba lililojengwa juu ya mfereji, mashua zikaingia chini ya paa na kupakua sufu, mvinyo na viungo bila kulowa mvua. Lilibomolewa mwaka 1787. Mnara wa kengele uliobaki una urefu wa mita 83, ngazi 366 na kengele 47. Wazee nawashauri wakae chini wasikilize. Vijana wapande, ila ngazi za juu ni nyembamba na wanaoshuka wanakutana na wanaopanda.

Chakula. Chipsi za Ubelgiji ni tamu kweli, lakini kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Waislamu wanaotaka halali, na wasiokula nyama, waulize kwanza. Vibanda vingine hutumia mafuta ya mimea. Ulizeni pia kwenye duka la chokoleti, maana baadhi ya zenye kujazwa ndani zina pombe. Wenye kupenda bia watasikia habari ya kiwanda cha De Halve Maan, kilichoanza 1856, ambacho mwaka 2016 kilizika bomba la zaidi ya kilomita 3 chini ya mji ili kupeleka bia kwenye mitambo ya kujaza chupa bila malori kupita kwenye mawe ya kale.

Baada ya kula, vikundi vingi huanza kuzunguka madukani. Mimi nawapeleka kaskazini, na hii ndiyo sehemu ya siku ninayoithamini kuliko zote. Mtaa wa Vlamingstraat ulikuwa mtaa wa wageni wenye fedha. Meli za kwanza za Genoa zilifika Zwin mwaka 1277, na mwaka 1399 watu wa Genoa wakajijengea jumba lao la kibiashara, ambalo leo ni makumbusho ya chipsi. Jirani yake kuna nyumba ya familia ya Van der Beurze, wenye nyumba ya wageni, ambako wafanyabiashara walikutana kubadilisha fedha na kupeana habari za bei. Mbele kidogo kuna Kraanplein, uwanja uliopewa jina la winchi kubwa ya mbao iliyonyanyua mapipa ya mvinyo kwa nguvu za watu waliotembea ndani ya magurudumu yake. Kisha Jan van Eyckplein, penye sanamu ya mchoraji Jan van Eyck aliyefariki mjini humu mwaka 1441, na nyumba ya ushuru ambako forodha ililipwa. Maji ya Spiegelrei yanaishia miguuni pake. Majina ya mitaa yanataja Wahispania na watu wa mashariki, yaani wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa kibiashara wa miji ya Kijerumani. Mtu wa Mombasa akisimama hapa huanza mwenyewe kuzungumzia Mji wa Kale, Wahindi, Waarabu na Wabaluchi. Simzuii, maana ndiko ninakotaka afike.

Hapa pia ndipo ninaposimulia bandari ilivyokufa. Zwin ulijaa mchanga na tope, na binadamu aliharakisha jambo hilo. Wakulima walijenga kingo ili kugeuza tambarare za maji ya chumvi kuwa mashamba. Kila shamba jipya lilipunguza mahali pa maji kutandaa wakati wa kujaa, hivyo maji yaliyotoka wakati wa kupwa yakawa machache na dhaifu, yasiweze kukokota mchanga kurudi baharini. Hadi mwisho wa karne ya 15 meli kubwa zilikuwa zimeshindwa, na ugomvi wa Brugge na mtawala wake Maximilian, ambaye wenyeji walimfunga mjini mwaka 1488, ukawafukuza wafanyabiashara kwenda Antwerp. Mji ukafukarika kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 wanawake wengi walikuwa wakifuma lesi kwa ujira mdogo mno ili watoto wale. Hapakuwa na fedha ya kubomoa na kujenga, na ndiyo maana nyumba zimebaki. Bandari mpya, Zeebrugge, ilizinduliwa mwaka 1907 na Mfalme Leopold II, aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi.

Jina la Leopold huwa halipiti kimya kwa wageni kutoka Kongo, na siku za majira ya joto, jioni inapokuwa ndefu, huwauliza kama wana nguvu ya kwenda Blankenberge, mji wa ufukweni ulio robo saa hivi kwa treni kutoka Brugge. Pale mbele ya bahari kuna mnara wa kumbukumbu wa Lippens na De Bruyne, maofisa wa dola ya Leopold waliouawa Kasongo, Maniema, mwaka 1892, wakati wa vita na Sefu, mwana wa Tippu Tip. De Bruyne alikuwa mzaliwa wa Blankenberge. Inasimuliwa kwamba aliletwa ukingoni mwa mto Lomami azungumze na wenzake walioko ng'ambo, wakamsihi ajitupe majini atoroke, akakataa kumwacha Lippens. Watoto wa Ubelgiji walifundishwa kisa hicho kama ushujaa dhidi ya wauza watumwa. Biashara ya watumwa ya Sefu na baba yake ilikuwa ya kweli na ya kikatili. Dola iliyowashinda nayo iliwatesa watu wa Kongo kwa ajili ya pembe na mpira. Mnara ule unaeleza nusu ya habari, na wageni wa Kiswahili ndio wenye uwezo wa kuikamilisha wakiwa wamesimama mbele yake.

Mkienda huko, sikilizeni tangazo kabla ya kupanda, kwa sababu baadhi ya treni zinazofika Brugge hukatwa sehemu mbili: mabehewa mengine huelekea Blankenberge, mengine Knokke. Mkirudi Brussels Jumapili yenye jua, epukeni saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Treni hufika Brugge ikiwa imeshajaa watu wa ufukweni, na mzee aliyetembea kutwa atasimama hadi Gent. Kuleni kwanza, pandeni saa mbili.

Na kabla ya kumlipa mwongozaji yeyote, mwulizeni mambo haya: bei yake ina tiketi ya treni na mashua ndani? Mtatembea kwa saa ngapi juu ya mawe? Mnapumzika wapi? Kundi lina watu wangapi? Wakizidi 15, wa nyuma hawasikii. Halafu mwulizeni kama atawafikisha Jan van Eyckplein. Akisema hapana muda, tafuteni mwingine.