Kabla ya kukanyaga mteremko wa theluji, jua kilicho chini yake

Poromoko linaloua zaidi wanaosafiri milimani nje ya njia rasmi wakati wa baridi ni la bamba: theluji iliyoshikamana hukatika kipande kizima na kuteleza juu ya tabaka dhaifu lililofukiwa. Katika ajali nyingi za aina hii, aliyelikata bamba ni aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake wa msafara.

Tabaka hilo huanza theluji ikiwa bado haba. Karibu na ardhi joto hubaki kama nyuzi 0, huku uso ukipigwa na baridi kali ya usiku usio na mawingu. Tofauti ikizidi nyuzi 1 kwa kila sentimita 10 za kina, mvuke hupanda upesi na chembe za theluji hugeuka fuwele zenye pembe, zinazomwagika mkononi kama sukari. Zikishafukiwa huweza kudumu wiki nyingi, kwa hiyo anga jeupe na jua la asubuhi havikuhakikishii chochote.

Kulipima, chimba shimo mahali salama penye mwinuko na mwelekeo sawa na unapotaka kupita. Kata nguzo yenye upana wa sentimita 90 kuukingama mteremko na sentimita 30 kuelekea juu, kisha itenge pande zote kwa msumeno au kamba yenye mafundo. Laza bapa la koleo kwenye ncha moja ya nguzo. Gonga mara 10 kwa kukunja kifundo cha mkono tu, mara 10 kutoka kiwiko, na mara 10 kutoka bega. Ufa ukitokea na kukimbia nguzo nzima kwa pigo hilohilo au linalofuata, geuza. Usipokimbia, usishangilie: hatua chache kando upepo unaweza kuwa umelundika bamba nene zaidi. Jibu baya linatosha kukurudisha. Jibu zuri peke yake halikupi ruhusa.

Mabamba huachia hasa kwenye mwinuko wa digrii 30 hadi 45. Chini ya 30 ni nadra, lakini tazama kilicho juu yako, maana bamba huweza kukatwa na mtu aliye bondeni. Mngurumo mzito chini ya miguu, nyufa zinazokimbia mbele ya viatu au maporomoko mapya jirani havihitaji shimo wala koleo: ondoka.

Tahadhari ya hatari ya maporomoko ya kiwango cha 3 kati ya 5 hudharauliwa sana kwa kuwa iko katikati. Katika kiwango hicho mtu mmoja anaweza kabisa kuanzisha poromoko.

Kila mmoja abebe redio ya kutafutia waliofukiwa ya kilohezi 457, ufito wa kuchomea theluji na koleo. Simu ikae angalau sentimita 20 mbali na redio, na 50 wakati wa kutafuta. Nafasi ya kutoka hai hushuka ghafla baada ya takriban dakika 10 hadi 15, muda ambao waokoaji wa mbali hawawezi kuuwahi. Vukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama.