Kabla Hujaomba Kitabu Kiondolewe kwa Sababu ya Mauti

Malalamiko dhidi ya vitabu vya fasihi katika maktaba yetu yameongezeka, na mengi yanafanana: kitabu kina msiba, mgonjwa haponi, mwisho hauna faraja, basi kiondolewe. Tunaamini wanaotuandikia wana nia njema. Hata hivyo, ufafanuzi unahitajika.

Kusoma habari za kifo hakuleti mkosi nyumbani. Hili tumelijibu mara nyingi, na tungependa lisirudi.

Wengine hudai kwamba mwandishi anayesimulia mateso anayashabikia. Hebu watazame Mfalme Oedipus, tamthilia ya kale ya Mgiriki Sophocles. Jocasta, mama na mke wa Oedipus, anajinyonga, Oedipus anajitoboa macho, lakini hadhira haioni tendo lolote kati ya hayo likitendeka. Yanatokea ndani, kisha mjumbe anatoka kusimulia. Kinachobaki jukwaani ni kizito kuliko damu. Oedipus, aliyetabiriwa kwamba atamwua baba yake, alikimbia Korintho ili asimwue mtu aliyemdhani kuwa ndiye, na ni safari hiyohiyo iliyomkutanisha njia panda na baba aliyemzaa, akamwua bila kumjua. Ana hatia au hana? Anayetaka jibu lichapwe ukurasa wa mwisho anadai kitu ambacho wasomaji wamekibishania kwa zaidi ya miaka 2,400.

Wapo pia wanaosema huzuni hizi ni za kigeni. Jamani! Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya Pate: madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa vyombo vya thamani sasa wamelala makinda ya ndege, na wenye nyumba wako makaburini. Hakuna aliyewahi kutuandikia utenzi huo uondolewe.

Kitabu kinacholalamikiwa bila haki kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni Kifo cha Ivan Ilyich cha Tolstoy, mwandishi wa Urusi, kilichotoka mwaka 1886. Wanasema kinakatisha tamaa wagonjwa. Lakini kinachomtesa Ivan, pamoja na maumivu, ni uongo: kila mtu anajifanya kwamba anaumwa tu, hafi. Gerasim, mtumishi wake kijana, peke yake hadanganyi. Anakaa na miguu ya bwana wake mabegani, kwa sababu hivyo ndivyo maumivu yanavyopungua, naye haoni aibu kutaja kwamba sote tutakufa. Anayemuuguza mtu atajifunza mengi hapo kuliko katika vijitabu vyetu vya ushauri, na vijitabu hivyo naviheshimu.

Sasa utaratibu. Lalamiko liwe la maandishi, litaje jina la kitabu, mwandishi, toleo na ukurasa. Kuna kisanduku kinachouliza kama umekisoma kitabu chote. Kikiachwa wazi, fomu inarudishwa. Wasomaji wawili hupewa kitabu, na kila mmoja huandika ripoti bila kuiona ya mwenzake. Zikipingana, anaitwa wa tatu. Uamuzi unaweza kuwa kukiacha kilipo, kukihamishia sehemu ya watu wazima au kukiondoa. Muda wote huo kitabu kinabaki rafuni na kinaazimwa kama kawaida.

Hairuhusiwi kujichukulia hatua. Tumerudishiwa riwaya ambayo sura nzima ya mazishi imebanwa kwa pini za stepla, kwa uangalifu mkubwa, pini kila baada ya inchi moja. Huo ni uharibifu. Mwazimaji hulipa gharama ya nakala nzima, si ya kurasa zilizoguswa, na kadi yake husimamishwa hadi alipe. Kuzing'oa pini mwenyewe hakufuti deni.

Jambo moja tunalichukua kwa uzito tofauti. Ukimwona msomaji aliyefiwa au aliyekata tamaa anang'ang'ania vitabu vya watu waliojiua, usijaze fomu. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, na msaidie kumfikia mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Fomu mpya zinapatikana kaunta. Zile za zamani, zisizo na kisanduku, hazipokelewi tena.