Uzile wa India hauwi wa Unguja kwa kutiwa pakiti

Bibi mmoja anayepaki viungo Mwanakwerekwe alinijia na maboksi manne ya kupeleka Mombasa: mdalasini, pilipili manga, uzile (bizari nyembamba) na mchanganyiko wa pilau. "Mwanangu, si tulishaambiwa Afrika Mashariki ushuru hakuna? Sasa karatasi za nini tena?"

Mimi ni wakala wa forodha, na swali hilo nalisikia kila mara pale bandarini Malindi, Unguja. Msamaha wa ushuru haufuati mzigo ulikopakiwa. Unafuata ulikozaliwa.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi 1 Januari 2005. Nchi wanachama hazitozani ushuru wa forodha kwa bidhaa zao wenyewe, na kwa vya nje zina viwango vya pamoja: asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 liko daraja la 35. Eneo huru la biashara, kama la SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), lina hilo la mwanzo tu. Kila nchi inabaki na viwango vyake kwa vya nje. Bila sharti la uasili, yaani la kuthibitisha mzigo umezaliwa wapi, kila mtu angeshushia mzigo penye ushuru mdogo kisha akauvusha kwa jirani. Sisi viwango tumeviunganisha lakini sharti bado lipo: mzigo wa China uliokwishalipiwa hapa unaweza kutozwa tena ukifika Kenya. Umoja wa forodha uliokamilika haufanyi hivyo, na hilo, kusema kweli, linaniudhi.

Basi tukafungua maboksi. Mdalasini ni wa shamba la Kizimbani, pilipili manga ya Muheza. Hivyo vimeota Tanzania, havina mjadala. (Karafuu hakuleta, na vizuri, ile ina sheria yake na mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar.) Uzile je? Uzile hatulimi, gunia lilitoka India. Kanuni za uasili za 2015 zinasema wazi kwamba kupaki, kubandika lebo au kuchanganya kwa wepesi hakuipi bidhaa uraia mpya. Pakiti iandikwe "Viungo vya Zanzibar" kwa wino wa dhahabu, forodha itauona uzile wa India.

Sabuni ya mwani ingekuwa hadithi nyengine. Hata mafuta yake yakitoka nje, yamepikwa yakawa kitu chengine, na hapo unatazama kigezo cha bidhaa hiyo kwenye jedwali la kanuni hizo. Viko vinavyotaka malighafi za nje zisizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani.

Mzigo wake haukufika dola 2,000, kwa hiyo alistahiki cheti chepesi cha uasili, kile cha wafanyabiashara wadogo. VAT ni jambo jengine, cheti hichi hakiifuti.

Akatoa uzile na mchanganyiko, akasema atauzia watalii Darajani. Kisha akachomoa kifuko mkobani: "Na hiliki hii?"

Nikamuuliza kainunua wapi.