Bastola ya silinda isafishwe kiasi gani?

Bastola ya silinda, yaani rivolva, haihitaji kung'aa. Wamiliki wengi hapa Nairobi humaliza nguvu kwenye zile pete nyeusi zilizo usoni mwa silinda, ilhali masizi hayo hayazuii chochote. Ukiyakwangua kwa msasa unakula chuma. Yaache.

Kwanza toa risasi zote, uzipeleke chumba kingine, kisha kagua kila tundu kwa jicho na kwa kidole.

Uchafu unaokwamisha silaha hujificha chini ya nyota ya kutolea maganda, kile kipande chenye umbo la nyota nyuma ya silinda. Punje mbili tatu za baruti ambayo haikuungua zikiingia hapo, nyota haikai sawasawa: silinda inakataa kufunga, au inazunguka kwa shida na kifyatuo kinakuwa kizito. Sukuma fimbo ya kutolea maganda iliyo mbele ya silinda, shikilia nyota ikiwa juu, sugua chini yake kwa mswaki mkavu. Usipake mafuta hapo, yatanasa punje zijazo. Ukiwa uwanja wa shabaha, toa maganda mtutu ukitazama juu, kwa msukumo mmoja wa nguvu, ili uchafu uanguke pamoja nayo.

Kisha mdomo wa nyuma wa mtutu, risasi inapoingilia ikitoka kwenye silinda. Risasi za ledi tupu huacha utando wa kijivu hapo. Tia kiyeyushi, subiri dakika 10, pitisha burashi ya shaba, urudie hadi kitambaa kitoke safi. Kwa kuwa fremu imeziba njia ya nyuma, fimbo ya kusafishia huingilia mbele. Iongoze kwa vidole isichubue ukingo wa mtutu, maana shabaha hutegemea ukingo huo.

Wanaopiga risasi fupi za .38 Special kwenye bastola ya risasi ndefu za .357 Magnum wasugue matundu ya silinda zaidi. Ganda la .38 ni fupi kwa milimita 3 hivi, kwa hiyo masizi huganda mbele yake, na siku ukitia .357 linakwama.

Mafuta ni tone moja kwenye mkono wa silinda, ule unaoibeba ikifunguka pembeni, na jingine kwenye fimbo ya kutolea maganda. Matundu yawe makavu kabisa, kwa sababu mafuta yakipenya kwenye fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, risasi inaweza kukataa kulipuka.

Bamba la pembeni, lile linalofunika mitambo ya ndani ya fremu, mwachie fundi wa silaha mwenye leseni. Ukilibandua kwa bisibisi linapinda.

Anayeibeba kiunoni aipanguse jasho kila jioni, hata kama haikupigwa, na asiilaze ndani ya mfuko wa ngozi: ngozi hushika unyevu, na kutu huanzia hapo.