Kwa nini gereza hujaa: hesabu ya nafasi na siku

Gereza likisemekana limejaa kwa asilimia 200, pale palipotengewa mtu mmoja pamelaliwa na wawili. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya idadi ya waliomo kwa idadi rasmi ya nafasi, uzidishe kwa 100. Shida iko kwenye hizo nafasi, kwa sababu idadi rasmi hubaki ileile hata wodi moja ikifungwa kwa ukarabati.

Ndiyo maana tunapendelea kupima sakafu. Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu hupendekeza mita za mraba 3.4 kwa kila mtu katika chumba cha kulala pamoja. Wodi ya mita 12 kwa 6 ina mita za mraba 72, basi inatosha watu 21. Wakitiwa 60, kila mmoja hubaki na mita za mraba 1.2. Hapo watu hulala ubavu, na mmoja akitaka kugeuka, safu nzima hugeuka naye. Kwa joto na unyevu wa Mombasa, hewa ya wodi kama hiyo huwa nzito tangu milango ifungwe jioni. Kifua kikuu na upele huambukizwa hivyo, na walinzi hurudi navyo majumbani.

Wengi hudhani gereza hujaa kwa kuwa wahalifu wameongezeka. Mara nyingi kilichoongezeka ni siku. Tuchukue mfano: mahabusu 10 wakiingia kila siku na kila mmoja akakaa siku 30, zinahitajika nafasi 300. Kesi zikiahirishwa kwa kukosa shahidi au faili ya polisi, na wastani ukafika siku 45, zinahitajika 450. Nafasi 150 zimeliwa bila mtu mmoja zaidi kukamatwa. Kujenga wodi mpya bila kugusa siku hizo ni kuahirisha tatizo tu.

Familia nazo zinaweza kupunguza siku. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinampa mshtakiwa haki ya dhamana isipokuwa pawepo sababu nzito ya kumnyima. Kinakataza pia kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6. Hata hivyo, wako mahabusu waliokwisha kupewa dhamana na bado wamo ndani, kwa kuwa imewashinda kuitimiza. Ikiwa kiwango ni kikubwa mno, iombeni mahakama hiyohiyo ikipunguze. Ikikataa, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kukishusha. Afisa wa probesheni akitumwa kuchunguza makao ya mshtakiwa, pokeeni simu yake na mmwonyeshe nyumba. Asipopata mtu wa kuzungumza naye, ripoti huchelewa, na mahabusu hungojea katika gereza la Shimo la Tewa. Pesa taslimu zilipwe kwa njia rasmi tu na risiti itunzwe, maana hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa hakukwepa mahakama.

Faini nayo huwafunga watu wengi wasiostahili kuwa gerezani. Sheria ya kosa lenyewe isipotaja vingine, faini inayozidi shilingi 15,000 lakini haipiti 50,000 ina kifungo mbadala kisichozidi miezi 6. Wengi hawajui kwamba kulipa sehemu hupunguza siku kwa uwiano: aliyetozwa 30,000 au miezi 6, akilipa 15,000, muda wake hukatwa nusu. Kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inaruhusu kifungo cha nje, yaani kufanya kazi za umma bila malipo badala ya kukaa gerezani. Mwombeni hakimu akifikirie kabla hajatoa hukumu, kwani baadaye njia huwa ndefu.

Kwa aliyekwisha kufungwa, angalieni mambo mawili. La kwanza ni msamaha wa theluthi moja, ambao kwa vifungo vingi huhesabiwa tangu siku ya kuingia: wa miaka 3 hutoka baada ya 2 akiwa na nidhamu. Makosa kama wizi wa kutumia nguvu na kifungo cha maisha hayamo. La pili ni siku za rumande, ambazo kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaitaka mahakama izizingatie. Hukumu inaposomwa, sikilizeni kama hakimu ametaja tarehe ambayo kifungo kinaanzia. Asipoitaja, wakili aiulize palepale, kabla hati ya kifungo haijaandikwa, kwa maana gereza hufuata kilichoandikwa kwenye hati hiyo.