Wengi Hawaruki Ukuta

Habari ya mfungwa kutoroka ikifika Lindi au Mtwara, watu huanza kubishana kuhusu ukuta. Mimi ninayefuatilia tafiti za jambo hili nauliza kwanza: saa ile alikuwa wapi, na chini ya askari wangapi?

Matukio makubwa ndiyo yanayokumbukwa. Alcatraz, gereza la kisiwani Marekani, mwaka 1962, watu watatu walitoweka baharini. Gereza la Clinton, jimbo la New York, mwaka 2015, wawili walikata kuta na mabomba kwa vifaa walivyoingiziwa na mtumishi wa gereza. Gereza la Kamiti, Kenya, Novemba 2021, watatu walitoka, wakanaswa Kitui siku chache baadaye, na askari wakatiwa mbaroni. Lakini tafiti za Marekani zinaonyesha kwamba wengi wanaotoroka hawavunji kitu. Huondoka kwenye magereza ya ulinzi mdogo au kwenye kazi za nje, bila kumdhuru mtu, na wengi wao hukamatwa.

Kwetu kazi za nje maana yake ni shamba. Tazameni hesabu inavyofanyika: wafungwa wamechuchumaa wawili wawili, askari anapita akihesabu vichwa, nyapara anajibu kwa ajili ya kundi lake, kisha majembe na mapanga yanahesabiwa nayo. Hesabu hiyo ikirudiwa shambani, anayetaka kuondoka hapati nafasi. Askari wakiwa wachache, kundi kubwa, na mikorosho imefunga majani, mwanya upo hata kama gereza lina kuta za kupanda mbinguni.

Halafu kuna sababu. Mtu hupata habari kwamba mtoto anaumwa, mke ameondoka, shamba limeuzwa, au anaogopa wenzake mle ndani. Askari anayezoeleka ataambiwa mapema, "Afande, nyumbani kumeharibika." Hayo maneno machache nayathamini kuliko seng'enge yoyote.

Sheria yetu ya Magereza ya 1967, hapa Tanzania, inamruhusu mfungwa mwenye tabia njema kupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Aliyebakiza miezi michache ana cha kupoteza. Ndiyo maana napinga kabisa kusimamisha kazi za nje kwa wote kwa sababu mmoja kakimbia. Mnawaadhibu waliobaki.

Mahabusu ni jambo jingine, na ndiko moyo wangu uliko. Hana theluthi wala tarehe ya kutoka. Kesi inaahirishwa, anarudishwa. Safari ya mahakamani ndiyo hatari yake. Kanuni za Mandela za 2015, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatendea wafungwa, zinakubali pingu njiani kuzuia kutoroka, ila zifunguliwe akifika mbele ya hakimu. Mimi ningeongeza kitu kwenye taarifa ya kila mahabusu anayetoroka, pamoja na jina la askari wa zamu: kesi yake imeahirishwa mara ngapi, na kwa sababu gani.